Avumaye Baharini ni Papa: Maisha ya Sayyid Said na Merikebu Zake

Wazee wa pwani hutukumbusha ya kuwa avumaye baharini ni papa, kumbe wengi wapo. Katika bahari yetu ya Afrika Mashariki, papa aliyevuma kupita wote katika karne ya kumi na tisa ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, aliyefariki dunia mwaka 1856. Sifa zake zimeandikwa sana na watu wa mataifa mengi. Leo twapenda kuyaeleza maisha yake kwa kuzitazama merikebu zake, kisha tuwatafute na wale wengi waliokuwamo katika maji yale yale ambao hawakuvuma.

Huenda ndugu mfanyakazi wa Mwadui akauliza, sisi na bahari tuna nini? Maji makubwa yaliyo karibu nasi ni Ziwa Viktoria, na chombo kikubwa tukijuacho ni meli ya Mwanza. Jibu ni jepesi. Ndugu huyo na amwulize bibi yake, au mtu yeyote aliyesikia habari za wazee wa Usukuma, juu ya nguo iitwayo merikani. Nguo hiyo ilivaliwa hapa Shinyanga, ikalipia mahari, ikalipia mshahara wa wapagazi na ushuru wa watemi. Jina lake ni jina la nchi ya Marekani, nayo iliingia bara kwa biashara ile ile ambayo Sayyid Said aliisimamia kwa merikebu zake. Basi habari hii ni yetu pia.

Said alizaliwa Omani mwaka 1791. Baba yake, Sultan bin Ahmad, aliuawa katika mapigano ya baharini mwaka 1804, na kijana yule akaachiwa urithi wenye maadui pande zote. Binamu yake Badr bin Saif alishika madaraka kwa jina la ulinzi. Mwaka 1806 Said alimwua Badr, akaushika utawala mwenyewe akiwa na umri wa miaka ipatayo kumi na mitano. Hatuna haja ya kulipamba tendo hilo. Ndivyo viti vya enzi vilivyopatikana siku hizo, huko Arabuni na penginepo pengi, na shangazi yake Moza binti Ahmad, mwanamke mwenye akili nyingi za utawala, alimsaidia kukishika kiti chake kisimponyoke.

Omani ni nchi ya milima na jangwa, na utajiri wake ulitoka baharini. Aliyeishika bandari ya Maskati aliishika njia ya biashara baina ya Ghuba, Bara Hindi na Afrika. Kwa hiyo Said alijua mapema ya kuwa mtawala asiye na merikebu katika nchi ile ni mtawala wa jina tu. Akaanza kujenga. Merikebu zake kubwa hazikujengwa kwa miti ya Omani, ambayo ni haba, bali kwa msaji wa Bara Hindi, na hasa katika gudi za Bombay, ambako mafundi Waparsi walikuwa wamefikia ustadi mkubwa wa kuunda merikebu za matanga kwa mtindo wa Kizungu. Msaji hauozi upesi katika maji ya chumvi, na merikebu ya msaji iliyotunzwa vizuri yaweza kuishi kuliko nahodha wake wa kwanza.

Katika gudi za Bombay ilitoka merikebu yake kubwa kuliko zote, iliyoitwa Liverpool, iliyoshushwa majini mwaka 1826, yenye mizinga zaidi ya sabini. Zilikuwako pia Shah Alam, Caroline, Piedmontese, Sultana, na baadaye Victoria. Mkuu mmoja wa manowari hizo, Hassan bin Ibrahim, alisoma Bara Hindi, akajua Kiingereza na elimu ya kupima njia baharini, na wageni wa Kizungu waliokutana naye walistaajabia maarifa yake. Katika bahari yote ya magharibi mwa Bara Hindi hapakuwa na mtawala mwingine wa asili mwenye manowari za namna hiyo.

Kazi ya kwanza ya manowari hizo ilikuwa vita. Mwanzoni mwa mwaka 1828 Said alifika Mombasa na Liverpool, akitaka kuwanyenyekeza Wamazrui waliokuwa wakiutawala mji ule na kumkatalia utii. Mizinga iliwatisha, lakini haikuwashinda. Ilimlazimu kurudi mara kadhaa, na mwaka 1837 ndipo alipouchukua mji, kwa hila na mapatano zaidi kuliko kwa baruti, akawakamata wakubwa wa Wamazrui na kuwapeleka uhamishoni katika Ghuba. Huko Siyu, karibu na Lamu, mambo yalikwenda kinyume kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 1845 watu wa kisiwa kile cha Pate, wakiongozwa na Bwana Mataka, walilipiga jeshi lake lililoshushwa pwani, na jemadari wake akafa huko. Merikebu kubwa haiwezi kupanda mchanga. Yaweza kuizuia bandari na kuitia njaa, lakini watu walioamua kuilinda nchi yao kati ya mikoko na vichaka hawatishwi na mlingoti mrefu.

Hata hivyo si vita vilivyomfanya Said kuwa tofauti na watawala wengine. Tofauti yake ilikuwa hesabu. Manowari ni mali ghali mno. Ikikaa bandarini bila kazi hula tu: wadudu wa baharini huitoboa mbao, kamba huoza, matanga huchakaa kwa jua, na mabaharia hutaka posho yao kila mwezi, pawe na vita au pasiwe. Serikali za Ulaya zililipia gharama hizo kwa kodi za mamilioni ya raia. Said hakuwa na kodi ya namna hiyo. Tegemeo lake lilikuwa forodha, ambayo aliikodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, kama vile nyumba ya Jairam Shivji, na faida ya biashara yake mwenyewe. Basi akazigeuza manowari kuwa merikebu za shehena kila wakati wa amani. Mahali pa farumi pakawekwa bidhaa. Sitaha za chini, zilizotengenezwa kwa ajili ya wapiganaji, zikajazwa magunia na matita. Mizinga iliyobaki juu ikatosha kuwafukuza maharamia. Merikebu iliyokwenda Bombay kukalafatiwa haikwenda tupu, wala haikurudi tupu.

Alipohamishia makao yake Unguja, polepole tangu mwaka 1828 na kwa imara zaidi kufikia mwaka 1840, alikuwa na sababu nzuri ya kuwa na merikebu nyingi za mizigo. Aliamuru karafuu zipandwe Unguja na Pemba, na katika muda wa miaka michache visiwa hivyo viliipita dunia nzima kwa zao hilo. Mwaka 1833 alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, ulioletwa na mjumbe Edmund Roberts, ambao uliwapa Wamarekani ruhusa ya kununua na kuuza katika nchi zake kwa ushuru wa asilimia tano. Mwaka 1837 balozi wao, Richard Waters wa mji wa Salem, alifika Unguja. Tangu hapo Wamarekani walileta nguo na kuchukua pembe, sandarusi, ngozi na karafuu.

Lakini Said aliuliza swali ambalo kila mwenye mali ghafi hupaswa kuliuliza: kwa nini tumngojee mnunuzi aje na chombo chake na bei yake, na sisi tuna vyombo? Akaitoa Sultana, manowari ya tani zipatazo 300 yenye mizinga 14, iliyoundwa Bombay mwaka 1833. Ikajazwa pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, ngozi, tende, kahawa ya Mocha na mazulia ya Kiajemi. Mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Naaman, karani wake mwaminifu. Mwanzoni mwa mwaka 1840 Sultana ilitweka matanga kutoka Unguja, ikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikapanda Bahari ya Atlantiki, na tarehe 30 Aprili 1840 ikatia nanga New York. Watu wa mji walimiminika gatini kuitazama, kwa kuwa hawajapata kuona merikebu ya Kiarabu kutoka Afrika ikiwaletea bidhaa mlangoni.

Safari hiyo ilikuwa na heshima nyingi. Mchoraji Edward Mooney alimchora Ahmad bin Naaman, na sura yake yajulikana hata leo. Jeshi la maji la Marekani liliiingiza Sultana katika gudi yake ya Brooklyn na kuitengeneza bila malipo. Zawadi za Said, pamoja na farasi wawili wa Kiarabu, zilimtia Rais Martin Van Buren katika shida, maana katiba ya nchi yake haimruhusu kupokea zawadi za mfalme bila idhini ya Bunge. Ikabidi zipokelewe kuwa mali ya serikali. Mwezi wa Agosti Sultana iliondoka New York ikiwa na nguo za pamba, shanga, bunduki, baruti na vyombo vya kaure, na mwezi wa Desemba 1840 ikafika Unguja salama. Baada ya miaka miwili ilikwenda London na mjumbe Ali bin Nasir, na mwaka 1849 Caroline ilifika Marseille katika Ufaransa.

Yafaa tutazame jambo moja ambalo picha ya Mooney hailionyeshi. Aliyeongoza njia ya Sultana kwenda New York alikuwa Mwingereza, William Sleeman. Aliyeongoza njia ya kurudi alikuwa Mmarekani, Sandwith Drinker, aliyekodishwa huko huko. Wana wa pwani yetu walijua kusi na kaskazi, na nyota za bahari yao, kuliko mtu yeyote. Lakini Atlantiki ilikuwa bahari ngeni, na Said hakuwa amejenga chuo cha kuwafundisha mabaharia wake elimu ya bahari zote. Mbao zilikuwa zake, ujuzi ulikuwa wa kukodi. Nao wafanyabiashara wa Salem, waliozoea kufaidi peke yao, hawakuifurahia merikebu ile iliyokuja kuuza sokoni kwao. Sultana haikurudi tena New York. Biashara ikabaki kama ilivyokuwa, mnunuzi akija na chombo chake na bei yake.

Na sasa tuwatafute wengine waliomo baharini. Matanga ya Sultana yalitwekwa na mabaharia kutoka Bara Hindi na pwani zetu, na watumwa walikuwamo. Karafuu zilizokuwamo tumboni mwake zilichumwa na watumwa waliotolewa bara, kutoka nchi za Nyasa na kwingineko, wakapelekwa Unguja kwa jahazi wakiwa wamebanana kama samaki. Utajiri wa Said ulisimama juu ya migongo ya watu hao. Ni kweli ya kuwa alitia sahihi mikataba na Waingereza, wa mwaka 1822 uliozuia kuwauza watumwa kwa Wakristo, na wa mwaka 1845 uliozuia kuwasafirisha kutoka Afrika kwenda Arabuni, na ya kuwa mikataba hiyo ilimpunguzia mapato. Lakini utumwa wenyewe aliuacha mashambani, kwa kuwa mashamba yale hayakuwa na mkono mwingine wa kuyalima. Hakuna wingi wa merikebu uwezao kuifuta hesabu hiyo.

Kisha pembe. Pembe zilizouzwa New York ziligeuzwa vichana, mipira ya biliadi na vibao vya kubonyezea vya piano. Sehemu kubwa ya pembe zilizofika Unguja zilitoka bara, na wachukuzi wa njia ya kati walikuwa hasa Wanyamwezi na Wasukuma, babu zetu. Wengi wao hawakuwa watumwa, bali watu huru waliojiajiri baada ya mavuno, wakapatana ujira wao kwa nguo na posho yao kwa chakula, wakatembea miezi mitatu na zaidi hadi pwani na mzigo wa kilo thelathini au zaidi begani. Tajiri aliyewapunja alijikuta asubuhi ana mizigo bila mabega. Hao ndio miongoni mwa wafanyakazi wa kwanza wa mshahara katika nchi yetu, nao walijua kugoma kabla neno hilo halijaandikwa katika sheria yoyote.

Nao walilipwa nini? Merikani. Na nguo hiyo ilitoka wapi? Ilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani, kwa pamba iliyochumwa katika mashamba ya kusini na watumwa ambao wazee wao walitolewa Afrika. Mwafrika wa Usukuma alibeba pembe, akalipwa nguo ya pamba iliyochumwa na Mwafrika mtumwa ng'ambo ya bahari, na wote wawili hawakujuana. Waliojuana ni wale walioandikiana barua kati yao, yaani mtawala, balozi na tajiri wa forodha.

Said alipenda pia kutoa zawadi kubwa. Mwaka 1836 aliitoa Liverpool yenyewe, fahari ya manowari zake, kwa Mfalme William wa Nne wa Uingereza. Waingereza wakaibadili jina wakaiita Imaum, kisha tangu mwaka 1842 wakaiweka Port Royal katika kisiwa cha Jamaika, haina safari tena, imegeuzwa kituo cha kuwapokea na kuwalaza mabaharia. Huko ikakaa mpaka ilipovunjwa mwaka 1863. Badala yake Said alipewa mashua ya kifahari iitwayo Prince Regent, ambayo haikumfaa, naye akaitoa kwa mkuu wa serikali ya Kiingereza huko Bara Hindi. Mwaka 1854 akaitoa hata nchi: visiwa vya Kuria Muria, penye mbolea ya ndege, akampa Malkia Victoria bila kudai bei. Alitumaini urafiki wa wakubwa. Urafiki aliupata siku zote ulipowafaa wao.

Sisi wa Mwadui twaijua habari ya zawadi za namna hiyo. Miaka mia moja kamili baada ya safari ya Sultana, yaani mwaka 1940, Dakta John Williamson aliikuta almasi katika ardhi hii. Mwaka 1947 jiwe la waridi la karati 54.5 lilichimbuliwa hapa, likapelekwa Uingereza kuwa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth; likachongwa likabaki karati 23.6, likatiwa katika pambo la platini. Jina la aliyetoa lajulikana, na jina la aliyepokea lajulikana dunia nzima. Waliochimba, waliosukuma magari na kuosha mchanga hawamo katika habari hiyo, kama vile wachukuzi wa pembe wasivyomo katika picha ya New York.

Mwisho wa Said ulikuwa baharini, kama wa baba yake. Mwaka 1856 alikuwa akirudi Unguja kutoka Maskati ndani ya manowari Victoria. Akaugua njiani, na tarehe 19 Oktoba, karibu na visiwa vya Shelisheli, akafa. Binti yake Salima ameandika katika kitabu chake ya kuwa mzee yule alikuwa amechukua mbao za jeneza melini, kana kwamba aliijua ajali yake. Mwanawe Barghash, kijana aliyekuwa pamoja naye, hakuutosa mwili majini kama ilivyo desturi ya bahari. Aliuleta Unguja akauzika usiku, huku akitafuta njia ya kukinyakua kiti. Hakukipata wakati ule; Majid alitawala Unguja na Thuwaini akatawala Omani, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua ugomvi wao kwa kuzitenga nchi hizo mbili. Dola iliyoshikwa pamoja na merikebu ilikatwa vipande viwili kwa kalamu ya mgeni.

Manowari nazo zilifuata. Kimbunga cha Aprili 1872 kilizivunja merikebu zilizokuwa bandarini Unguja na kuing'oa mikarafuu kwa maelfu. Barghash, aliyekuwa mtawala wakati huo, alinunua meli za moshi na kuziendesha kwa biashara kama baba yake, akaunda na manowari Glasgow mwaka 1878. Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Kiingereza iliizamisha Glasgow mbele ya jumba la Sultani katika vita visivyotimiza saa moja, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini kwa miaka mingi, alama ya mamlaka yaliyokwisha.

Twamhukumuje basi Sayyid Said? Haki yake tumpe. Alikuwa mtawala wa bahari hii aliyethubutu kupeleka bidhaa zetu hadi soko la mwisho kwa chombo chake mwenyewe. Na aliweza kukifanya chombo cha vita kijilishe kwa kazi badala ya kuwalemea watu. Serikali yoyote yenye mali ghafi, iwe pembe, pamba, dhahabu ya Geita au almasi ya Mwadui, ina la kujifunza katika jambo hilo. Lakini upungufu wake nao tuuseme wazi. Alikodi ujuzi asiufundishe kwa watu wake. Aliwapa wakubwa wa mbali zawadi ambazo hawakuzirudisha kwa haki. Na juu ya yote, aliijenga fahari yake juu ya watu waliouzwa kama bidhaa, ambao hawakuwa na sehemu katika faida wala sauti katika shauri.

Kwa hiyo, ndugu, mtu akikusimulia habari za utajiri uliotoka katika nchi hii, usiridhike kusikia jina la mwenye merikebu. Uliza ni nani aliyeuchimba, ni nani aliyeubeba, alilipwa nini, na ni nani aliyejifunza kazi ya kuongoza chombo. Majibu ya maswali hayo na yaandikwe katika vitabu vya kazi vya mgodi, katika mikutano ya wafanyakazi na katika masimulizi ya nyumbani kwa watoto. Papa hana haja ya kuandikwa, amekwisha kuvuma. Wanaohitaji kuandikwa ni wale wengi waliokuwapo.